Kuloweka mbegu za tungule katika maji ya mwani: nimekosea wapi?

Kitalu cha Makunduchi ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu wakulima na wataalamu.

Ninaendesha kitalu kidogo cha miche hapa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Ninaotesha tungule, ambazo wenzetu wa bara mnaziita nyanya, pamoja na pilipili boga (hoho) na biringani, na wateja wangu wengi ni akina mama wenye bustani za uani na vijana wanaopeleka mboga kwenye mahoteli ya pwani ya mashariki. Mama yangu mdogo analima mwani Jambiani tangu mimi sijaanza skuli, kwa hiyo mwani kwetu ni kitu cha kila siku, umeanikwa barazani na kwenye paa la jiko.

Mwezi uliopita nilisoma kwamba zile busta za mwani, yaani vichangamshi vya mimea, zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo hutumika pia kuloweka mbegu, ili ziote kwa haraka na miche iwe na mizizi mingi. Nikaona si sawa kununua chupa iliyosafiri kutoka ng'ambo ilhali mali yenyewe iko mlangoni petu. Nikachukua kilo moja ya spinosum mkavu, aina ya mwani tunaoulima hapa, nikauchemsha katika lita tano za maji kwa muda wa saa nzima, nikauchuja kwa kitambaa cha kuchujia tui, nikapata maji mazito ya rangi ya chai ya rangi. Nikayaacha yapoe, kisha nikaloweka mbegu humo tangu magharibi hadi asubuhi, nikazipanda kwenye trei siku ile ile.

Baada ya siku 12, katika mbegu 50 nilizoloweka zilikuwa zimeota 9, na katika mbegu 50 za pakiti hiyo hiyo nilizopanda kavu zilikuwa zimeota 43. Nilipozifukua zile zilizokataa niliziona zimezungukwa na utandu mwembamba uliokauka kama gundi, na chache zilizokuwa zimetoa kijizizi, kijizizi chenyewe kilikuwa kimesimama kikiwa na urefu wa punje ya mchele, ncha yake imegeuka rangi ya kahawia.

Ninaomba kujua kosa langu liko wapi, na kama kweli mwani wetu unaweza kufanya kazi inayosemwa, kwa sababu mama mdogo na wenzake wananiuliza kila siku na sitaki kuwapa matumaini ambayo siwezi kuyathibitisha.

Bwana Shamba Mstaafu, Morogoro amejibu:

Waalaykumu salaam, binti yangu. Nakushukuru kwa kuhesabu mbegu zako na kwa kutenga zile 50 za kulinganisha, kwani wengi huleta malalamiko bila hesabu yoyote na inakuwa vigumu kuwasaidia.

Nionavyo mimi makosa ni mawili na yamekutana mahali pamoja. La kwanza ni chumvi. Mwani uliovunwa kwa ajili ya wanunuzi haujaoshwa kwa maji ya kisima. Umeanikwa na maji yake ya bahari, na zaidi ya hayo ndani ya chembe zake wenyewe kuna madini mengi, hasa potasiamu, ambayo nayo ni chumvi kwa mbegu. Tuchukulie tu kwamba robo ya ile kilo yako ilikuwa chumvi za namna hiyo. Hizo ni gramu 250 katika lita tano, yaani gramu 50 kwa kila lita, wakati maji ya bahari yenyewe yana takribani gramu 35. Uliziloweka mbegu zako katika kitu ambacho huenda kilikuwa kikali kuliko bahari. Mbegu huanza safari yake kwa kunywa maji, na maji huelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, kwa hiyo mbegu iliyolazwa ndani ya maji makali haishibi, na hicho kidogo inachopata huingia pamoja na sumu ya chumvi. Ile ncha ya kahawia uliyoiona ni alama ya kijizizi kilichounguzwa.

Kosa la pili ni kuchemsha. Spinosum hulimwa kwa ajili ya karajinani, ule utomvu ambao viwanda hutumia kuzitia uzito maziwa, dawa ya meno na vyakula vingine, na njia ya kuutoa utomvu huo ni maji ya moto. Kwa kuchemsha saa nzima ulitoa kile ambacho kiwanda kinakitaka, si kile ambacho mbegu inakihitaji. Utandu ule ukikauka juu ya ganda la mbegu huzuia hewa, na mbegu inayoota inapumua kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake.

Sasa kuhusu kama mwani unafanya kazi. Unafanya, lakini kwa kiasi, na si mwani wowote kwa namna yoyote. Busta nyingi zinazouzwa duniani zinatokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi: Ascophyllum nodosum unaovunwa Kanada, Ireland na Norwei, na Ecklonia maxima wa pwani ya Afrika Kusini. Mwani wako ni mwekundu na una viambato tofauti, hivyo kilichothibitishwa kwa ule hakiwezi kuhamishiwa kwa huu bila kupimwa. Walio karibu zaidi na hali yetu ni Wahindi. Kituo chao cha utafiti wa chumvi na kemikali za bahari kilichoko Bhavnagar kilitengeneza maji ya mwani kutokana na Kappaphycus alvarezii, huo ambao akina mama wanauita kotoni, na hawauchemshi: wanausaga mwani mbichi siku ile ile unapotoka majini, wanakamua maji yake, kisha makapi yaliyobaki yanakwenda kutolewa karajinani. Mwaka 2009 walichapisha majaribio ya soya inayotegemea mvua, ambapo kunyunyizia majani kwa maji hayo yaliyozimuliwa hadi asilimia 15 kuliongeza mavuno kwa asilimia 57 kuliko maji matupu. Nakuomba usiichukue ile 15 ukaipeleka kwenye mbegu. Jani la mmea uliokomaa lina ngozi ya nta na mmea wenyewe una mizizi ya kuusaidia. Mbegu iliyofunguka haina kinga yoyote. Kwa mbegu za nyanya, watafiti wa Meksiko waliotumia mwani wa kijani na wa kahawia walipata nafuu kwenye asilimia 0.2 tu, yaani mililita 2 katika lita moja ya maji.

Utauliza hizo mililita 2 zinafanya nini, maana chakula humo hakuna cha kutosha. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mwani una homoni za mimea, hasa saitokinini na oksini, na ni kweli zimo. Lakini kazi iliyofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba homoni zilizomo kwenye Ascophyllum ni chache mno kueleza matokeo yanayoonekana; kinachotokea ni kwamba viambato vingine vya mwani huuamsha mmea utengeneze na kupanga upya homoni zake wenyewe. Kwenye mbegu za shayiri, mwaka 2008, ilionekana kwamba maji ya mwani huo yanachochea kimeng'enya cha amilasi, ambacho kazi yake ni kuvunja wanga wa mbegu kuwa sukari ya kulishia kichipukizi. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 inavitenga vichangamshi vya mimea na mbolea: kichangamshi hupimwa kwa namna kinavyoisaidia mimea kutumia virutubisho na kustahimili shida kama ukame na chumvi, si kwa kiasi cha virutubisho kilichomo ndani yake. Mche wako utaendelea kuhitaji mboji, samadi iliyoiva na mbolea kama kawaida.

Nikirudi kwenye jaribio lako, kuna jambo moja ninalolisisitiza kuliko yote. Ulilinganisha mbegu zilizolowekwa na mbegu kavu. Kuloweka peke yake, hata kwa maji ya mvua, huharakisha kuota kwa siku moja au mbili, na watu wengi wameisifu busta kwa kazi iliyofanywa na maji. Kwa hiyo weka makundi matatu: mbegu kavu, mbegu zilizolowekwa katika maji safi, na mbegu zilizolowekwa katika maji ya mwani, zote kwa saa zile zile na katika chombo cha aina moja. Tumia mbegu 100 kwa kila kundi, uzigawe mafungu manne ya 25, ili uone kama tofauti inajirudia katika kila fungu au imeletwa na fungu moja tu. Hesabu nyanya siku ya 5 na siku ya 14, pilipili siku ya 7 na ya 14. Na kama mbegu yako imepakwa dawa ya rangi, usiiloweke kabisa. Utaiosha dawa iliyowekwa kuilinda, na maji utakayoyamwaga yatakuwa na sumu.

Mkulima wa Mwani, Paje amejibu:

Mwanangu wa Makunduchi, salamu nyingi kwa mama yako mdogo. Nimesoma maelezo ya Bwana Shamba na nimeyafurahia, nami nitaongeza upande wa baharini ambao tunaujua sisi.

Kilimo hiki kilianza hapa Paje na kwa jirani zetu Jambiani mwaka 1989, na tangu siku za mwanzo wengi wa wakulima ni wanawake. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri, lakini maji yetu ya karibu na ufukwe siku hizi yana joto, na wakati wa kaskazi unaweza kuifunga kamba leo ukarudi bamvua linalofuata, siku za maji kujaa na kutoka sana, ukakuta matawi yamekuwa meupe, malaini, yanakatika ukiyagusa. Spinosum unastahimili zaidi, ndiyo maana barazani kwenu umeuona huo. Kwa hiyo mtu akisema tutumie kotoni kama Wahindi, ajue kwamba kotoni iliyo hai na yenye afya haipatikani kwa urahisi kwenye maji mafupi.

Jambo la pili ni hili la kukamua. Kule India makapi yanakwenda kiwandani, lakini hapa mnunuzi anataka mwani mzima, mkavu, uliosafishwa mchanga na vishungi vya taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani. Ukishausaga, mnunuzi wetu wa kawaida hautaki tena. Tunahitaji kilo saba hadi kumi za mwani mbichi ili tupate kilo moja kavu, na kila kilo hiyo tumeibeba kichwani tukiwa tumelowa hadi kiunoni. Sipendi kusikia mtu akisema mwani ni wa bure kwa kuwa uko barazani. Ninachoshauri ni kutumia vipande vinavyokatika kwenye kamba na kunasa kwenye vigingi, ambavyo tunaviokota maji yakitoka, mradi viwe bado na rangi yake na viwe vigumu ukivivunja. Vilivyokwisha kuwa vyeupe viache. Vioshe mara mbili kwa maji ya kisima upesi upesi, usivilaze humo, kwa sababu mwani ukikaa kwenye maji yasiyo na chumvi hupasuka na kile unachokitafuta kinatoka chote.

Mimi nausaga kwenye kinu kama kisamvu, kisha naukamua kwa kitambaa. Maji yake hayakai. Kwa joto letu ukiyaacha hadi kesho yanachacha na kunuka, na mbegu haiwezi kuwekwa humo. Tumia siku hiyo hiyo, au uyagandishe kwenye friza kwa vifungu vidogo vidogo.

Shamba la Msambweni amejibu:

Hamjambo nyote. Mimi niko Kwale, upande wa Kenya, na ningependa kuwaonya wasomaji wengine kuhusu jambo lililonigharimu msimu mzima wa mvua za vuli.

Kwetu pia kuna wakulima wa mwani, hasa Kibuyuni, lakini mimi sikununua kwao. Niliona marundo ya majani yaliyotupwa ufukweni baada ya kusi, nikayachukulia kuwa mwani, nikayaloweka kwenye pipa kwa wiki mbili na kuyamwagia miche ya sukuma wiki. Miche ilianguka mmoja baada ya mwingine, shina limenyong'onyea pale linapotoka udongoni. Afisa wa kilimo alipokuja aliniambia kwamba ni kinyausi, ule ukungu unaopenda udongo mbichi usiopitisha hewa, na kwamba maji machafu yaliyochacha yaliuongezea nguvu. Kisha akaokota jani moja kutoka kwenye rundo akanionyesha: lilikuwa refu kama utepe, na chini yake kulikuwa na shina gumu lenye vifundo na mizizi halisi. Hayo ni majani ya bahari, mmea wenye mizizi na maua kama nyasi za nchi kavu, na ndiyo yanayojaa kwenye fukwe zetu. Mwani hauna mizizi wala maua. Una kikamatio tu cha kushikilia jiwe. Tafiti zote mlizozitaja hapo juu ni za mwani, kwa hiyo aliyeokota majani ya bahari hajajaribu jambo hilo hata kidogo.

Tangu hapo majani hayo nayaacha yanyeshewe na mvua hadi chumvi itoke, kisha nayatia kwenye mboji pamoja na samadi ya mbuzi, na kwa kazi hiyo yanafaa.

Kitalu cha Makunduchi amejibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu yangu wa Kwale. Zimepita wiki tatu na nimerudi na hesabu.

Mama mdogo aliniletea ndoo moja ya spinosum mbichi wa kuokota, nikamlipa kwa kadiri ambayo angelipwa mwani huo ukiwa mkavu, maana maneno ya Bi mkubwa wa Paje yalinigusa. Niliosha, nikatwanga, nikakamua, nikapata kama lita moja na nusu ya maji mepesi ya rangi ya waridi iliyopauka, yasiyo na ute ule wa kwanza. Nilipima kwa bomba la sindano mililita 2 na mililita 10, kila kipimo katika lita moja ya maji ya mvua. Mbegu zililala humo kwa muda wa saa 12, nikazikausha kivulini juu ya kanga hadi zikaacha kushikana.

Kwa tungule za pakiti mpya, maji safi na maji ya mwani ya mililita 2 yalikuwa sawa kabisa: siku ya 5 nyingi zilikuwa zimetoka katika makundi yote mawili, na zile kavu zilichelewa kwa siku mbili kisha zikafikia. Kile kipimo cha mililita 10 kilichelewa kidogo kuliko maji safi. Lakini nilikuwa na mbegu za pilipili boga nilizozihifadhi mwenyewe tangu mwaka juzi, ambazo nilikuwa karibu kuzitupa, na hizo ndizo zilizonishangaza. Siku ya 10, kati ya mbegu 100 za maji safi zilikuwa zimeota 21, na kati ya 100 za mililita 2 za mwani zilikuwa zimeota 34. Siku ya 14 zilifika 38 na 45. Nilipong'oa miche michache nikailaza kwenye sahani nyeupe niliona ile ya mwani ina vijizizi vya pembeni vilivyoanza kutawanyika, vyembamba kama nyuzi za buibui, wakati mingi ya maji safi ilikuwa bado na mzizi mmoja wa kati.

Je, nafanya nini na miche yenyewe kuanzia sasa?

Bwana Shamba Mstaafu, Morogoro amejibu:

Binti yangu, hiyo ni kazi nzuri, na ninaheshimu kwamba umeandika pia pale ambapo mwani haukufanya chochote. Matokeo ya nyanya hayanishangazi. Mbegu mpya yenye afya, katika udongo wenye joto na unyevu wa kutosha, haina upungufu wa kuzibwa. Kichangamshi huonekana zaidi pale penye shida, kama mbegu iliyozeeka, udongo wenye chumvi kidogo au jua kali. Kwa pilipili, tofauti ya mwisho ya 38 na 45 ni ndogo na inaweza kuja kwa bahati katika mbegu 100. Tofauti ya siku ya 10 ni kubwa zaidi na inastahili kurudiwa mara mbili kabla hujamwambia mteja chochote. Angalia mafungu yako ya 25 kama yote yameelekea upande mmoja.

Kuhusu miche, subiri hadi majani mawili ya kweli yafunguke baada ya yale ya kwanza ya mbegu. Hapo mwagilia kwa mililita 5 katika lita moja ya maji, mara moja kila baada ya siku 10, asubuhi, baada ya kuwa umelowesha trei kwa maji ya kawaida. Ukipata mtu mwenye kipima chumvi, pima maji yako kabla ya kumwagilia. Maji ya bahari husoma takribani desisimensi 50 kwa mita, na kwa upande wa udongo, nyanya huanza kupunguza mavuno chumvi ikizidi 2.5 na pilipili ikizidi 1.5, maharage hayavumilii hata zaidi ya 1. Visima vya kwenu kusini, penye matumbawe, vingi vina chumvi yake tayari, kwa hiyo endelea na maji ya mvua kama unayo.

Wakati mwingine unaofaa ni siku ya kuhamisha. Afrika Kusini, katika kazi ya nyanya iliyochapishwa mwaka 1992, maji ya Ecklonia yaliyotiwa kwenye mizizi wakati wa kupandikiza yaliisaidia miche kushika upesi zaidi. Kwako mche unatoka kivulini kwenda kwenye bustani ya jiwe la matumbawe yenye udongo mchache, na hapo ndipo miche mingi hufa. Chukua trei moja, nusu yake uiloweshe kwa maji ya mwani ya mililita 5 jioni ya kuamkia siku ya kupanda, nusu nyingine kwa maji safi, uwape wateja wawili au watatu zote mbili zikiwa na alama ya uzi kwenye shina, na baada ya wiki mbili upite uhesabu iliyosimama.

Na kama mama mdogo na wenzake watafika mahali pa kutia maji hayo kwenye chupa na kuyauza, waulize kwanza wizara ya kilimo ya huko Zanzibar kuhusu usajili. Kwa huku bara bidhaa za namna hiyo husimamiwa na mamlaka ya udhibiti wa mbolea, TFRA, na zinahitaji kusajiliwa kabla ya kuingia dukani.

Mkulima wa Mwani, Paje amejibu:

Bamvua lijalo ninakuja Makunduchi kwa shughuli za kifamilia, inshallah. Nitakubebea ndoo ya vipande vya kotoni kutoka kwa mwenzangu anayelima maji ya kina kirefu, uvijaribu na vile vile vipimo vyako vya mililita 2, tuone kama vinashinda spinosum kwenye hizo mbegu zako za pilipili za mwaka juzi. Usizipande zote, nihifadhie mia tatu.